College Football 25: Gemu Tamu Iliyowalipa Wachezaji Dola 600

Nimeicheza College Football 25 ya kampuni ya EA Sports kwa muda uliotosha kuiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, ambacho wenyewe hukiita UTEP, kwa misimu minne kamili, na ninaandika tathmini hii nikiwa bado ninaipenda. Ninalisema hilo mapema kwa sababu mengi nitakayoyaandika yanahusu fedha, na msomaji anaweza kudhani kwamba niliinunua ili nipate la kulalamikia. Niliinunua kwa sababu nilitaka kucheza. Lakini hii ni gemu ambayo mtu hawezi kuieleza ilivyo bila kusema kwa nini haikuwapo sokoni kwa miaka 11, na akishaanza kusema hilo, tayari ameingia katika ubishi ambao Wamarekani wameupeleka mahakamani mara nyingi: je, kijana anayeichezea timu ya chuo alipwe?

Kwanza mambo ya dukani. Gemu ilitoka tarehe 19 Julai 2024 kwa ajili ya PlayStation 5 na Xbox Series X na S peke yake. Mwenye PlayStation 4, mashine ambayo bado imejaa katika vibanda vya gemu huko nyumbani, hana lake hapa, wala mwenye kompyuta. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 69.99, na waliolipa dola 99.99 kwa toleo la juu waliruhusiwa kuanza siku tatu kabla ya wenzao. Zimo timu zote 134 za daraja la juu la futiboli ya vyuo, pamoja na viwanja vyao na bendi zao za matarumbeta. Watangazaji ni Chris Fowler na Kirk Herbstreit, ambao sauti zao ni nzuri mpaka ufike msimu wa pili, ambapo unaanza kuwatangulia kumaliza sentensi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani takribani mita 9. Ikifanikiwa hupewa manne mengine, ikishindwa humwachia mpinzani. Yanayobaki ni ujanja wa kumficha mpinzani asijue mpira uko kwa nani na unaelekea wapi. Hapo ndipo futiboli ya vyuo inapoachana na ile ya kulipwa ya NFL, na hapo ndipo gemu hii inapoizidi Madden, ambayo EA huitoa kila mwaka kwa ajili ya NFL. Vyuoni bado zipo timu, kama Army na Navy za vyuo vya kijeshi, ambazo kwotabeki wao, yaani kiongozi wa mashambulizi anayepokea mpira kwanza, huanza kukimbia nao huku akimtazama beki mmoja tu wa upande wa pili: beki huyo akimfuata yeye, mpira humwendea mwenzake wa pembeni, akimfuata mwenzake, kwotabeki hubaki nao na kukata mbele. Ukiwa na pedi mkononi, uamuzi huo hauchukui muda wa kukohoa, na ukikosea unajikuta umelala chali yadi tano nyuma ya ulipoanzia. Sijacheza gemu nyingine ya michezo ambayo kushindwa kwangu kumekuwa kosa langu mwenyewe kwa uwazi kiasi hicho.

Jambo jingine lililofanywa kwa ustadi ni uwanja wa ugenini. Waundaji waliviorodhesha viwanja kwa ugumu wake, na namba moja wakaipa Kyle Field ya Chuo Kikuu cha Texas A&M, inayoingiza watu zaidi ya 102,000. Ukienda huko na kwotabeki wa mwaka wa kwanza, kelele zinapopanda skrini hutikisika, mistari inayoonyesha njia ya kila mpokeaji hupindapinda, na alama za vitufe juu ya vichwa vyao huchanganyika, hata ukalazimika kurusha mpira kwa kukumbuka badala ya kuona. Aliyewahi kukaa Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya watani wa jadi, ulipojaa watu 60,000, ajaribu kuwazidisha watu hao kisha afikirie kwamba wote wanampigia kelele kijana wa miaka 18 ambaye wiki hiyo alikuwa na mtihani wa hesabu.

Kipengele kilichonivutia kuliko vyote, na kunikosesha raha kuliko vyote, ni hesabu ya uchakavu wa mwili. Kila pigo ambalo mchezaji analipata linarekodiwa kwa kiungo chake, na mapigo yanapolundikana uwezo wake unapungua. Ukimpa mkimbizaji wako mpira mara 30 katika mechi moja, utaiona kasi yake ikishuka mbele ya macho yako, na sehemu ya uchovu huo ataamka nao wiki inayofuata. Kama gemu, ni nzuri sana, kwa kuwa inamlazimisha kocha kufikiri kabla ya kumtumia mtu. Lakini nilipokuwa nikiisoma chati ya mkimbizaji wangu, yenye rangi zinazoonyesha mahali alipoumia, nilijiuliza inakuwaje kwamba gharama ya mwili inaweza kupigiwa hesabu kwa undani namna hii, ilhali kwa miongo mingi wakubwa wa michezo ya vyuo walishikilia kwamba kazi ya huyo kijana haina bei.

Gemu za futiboli ya vyuo za EA zilikoma kwa NCAA Football 14, iliyotoka Julai 2013. Katika zile za zamani wachezaji halisi walikuwamo bila kuwamo: jina halikuandikwa, lakini namba ya jezi, urefu, uzito, rangi ya ngozi na nafasi anayocheza vilikuwa vyake, na shabiki yeyote alimtambua mara moja. Ed O'Bannon, aliyekuwa bingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo na timu ya chuo cha UCLA mwaka 1995, alijiona katika gemu ya namna hiyo akiwa nyumbani kwa rafiki yake, na mwaka 2009 akaishtaki NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Sam Keller, kwotabeki wa zamani wa Arizona State na Nebraska, alifungua kesi yake mwaka huohuo. Kesi zilipopamba moto NCAA ilikataa kuongeza mkataba wa kutumia jina lake, na EA ikaifuta gemu. Baadaye EA na wakala wa leseni za vyuo walikubali kulipa dola milioni 40, NCAA ikalipa milioni 20, na Agosti 2014 Jaji Claudia Wilken akaamua kwamba kanuni za NCAA za kuwanyima wachezaji malipo ya majina na sura zao zilivunja sheria za ushindani wa biashara.

Hapa nichomeke neno moja kuhusu lugha. NCAA hupenda kumwita kijana huyu mwanafunzi-mwanamichezo, jina linalosikika kama heshima. Walter Byers, mkurugenzi wake wa kwanza, aliandika baada ya kustaafu kwamba jina hilo lilibuniwa katika miaka ya 1950 ili wachezaji wasihesabiwe kuwa wafanyakazi, kwa hofu kwamba atakayeumia angeweza kudai fidia kama anavyodai mtu wa kiwandani. Tangu niyajue hayo, ile chati ya viungo vilivyoumia naisoma kwa jicho jingine.

Mlango ulifunguka mwaka 2021. Tarehe 21 Juni, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliikatalia NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu mafao ya kielimu kwa wachezaji, na Jaji Kavanaugh akaongeza maoni yake kwamba biashara ya namna hiyo, kwingine kokote nchini humo, ingekuwa haramu waziwazi. Siku kumi baadaye, kuanzia tarehe 1 Julai, wachezaji waliruhusiwa kupata fedha kutokana na majina, sura na taswira zao. EA ikarudi mezani, na safari hii ikabisha hodi kwanza.

Mkataba ulikuwa hivi: wachezaji 85 wa kila timu waliombwa ridhaa, na kila aliyekubali alipewa dola 600 pamoja na nakala ya gemu. Waliokubali walizidi 11,000. Wachache waliopewa kazi ya kuitangaza walipata zaidi, lakini kwa walio wengi ilikuwa dola 600, mara moja, bila mgawo wa mauzo, sawa kwa nyota na kwa anayekaa benchi mwaka mzima. Tuchukue karatasi. Timu 134 mara wachezaji 85 ni watu 11,390. Mara dola 600 ni dola 6,834,000. Kwa bei ya dola 70, fedha hizo ni mauzo ya nakala zisizofika laki moja. Kabla hata ya siku rasmi ya kutoka, watu zaidi ya milioni 2 walikuwa tayari wanaicheza. Najua duka lina sehemu yake katika kila nakala, vyuo vina yao, na mamia ya watu waliichora na kuiandikia programu kwa miaka. Hata ukiwatoa wote hao, bado ni vigumu kuamini kwamba watu ambao gemu inatembea kwa majina yao walipata walichostahili.

Mtoto wa dada yangu, ambaye tunacheza naye hapa Houston mwishoni mwa juma, haoni tatizo. "Mjomba, mimi wangeniweka bure ningekubali," aliniambia, na wala hakuwa anatania; kwa kijana wa umri wake, kujiona ndani ya gemu ni malipo yenyewe. Namwelewa. Ila bei ilitoka hapohapo. Wachezaji wa NFL wanapoingia katika Madden, chama chao cha wafanyakazi ndicho kinachopatana kwa niaba yao wote, kikiwa na wanasheria na vitabu vya hesabu mezani. Hawa wa vyuo hawana chama. Wale wa Chuo Kikuu cha Northwestern walijaribu kukiunda mwaka 2014, na mwaka uliofuata bodi ya kitaifa ya mahusiano ya kazi ikakataa kulishughulikia ombi lao. Ukimfuata kila kijana peke yake kwenye simu yake, ukamwekea mbele kitufe cha kukubali, hupatani naye bei, unamtajia. Kwa toleo la mwaka uliofuata malipo yalipandishwa, jambo linaloonyesha kwamba nafasi ya kupanda ilikuwapo tangu mwanzo.

Nirudi kwenye gemu yenyewe, na sehemu iliyonila muda mwingi zaidi, inayoitwa Dynasty, ambamo unakuwa kocha na kuijenga timu mwaka hadi mwaka. Niliichagua UTEP kwa sababu isiyohusiana na futiboli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, chuo hicho kilikuwa ngome ya wakimbiaji wa Afrika Mashariki, na miongoni mwao alikuwa Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyeshinda medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Katika futiboli UTEP ni timu ya kufungwa. Msimu uliotangulia gemu hii ilishinda mechi 3 na kupoteza 9. Nilitaka kuona kama ningeweza kuinyanyua.

Usajili wa wachezaji kutoka shule za sekondari ni mtamu kuliko mechi zenyewe. Kila kijana ana mambo yanayomvuta kati ya 14 yaliyowekwa: nafasi ya kucheza mapema, sifa ya kitaaluma ya chuo, umbali kutoka nyumbani, historia ya timu, shamrashamra za uwanja, uwezekano wa kufika NFL, na mengineyo. Unayagundua taratibu kwa kumpigia simu, kumtembelea na kumkaribisha chuoni, huku saa zako za wiki zikiwa zimehesabiwa. UTEP haina sifa nyingi za kuuza, kwa hiyo niliwawinda vijana wa El Paso na mitaa ya jirani ambao walitaka kubaki karibu na mama zao. Msimu wa kwanza nilimpata mkimbizaji wa nyota mbili ambaye hakuna aliyemtaka. Nilimlea, nikampumzisha uchakavu ulipozidi, na katika msimu wa tatu akawa anawavuka mabeki kama maji yanavyovuka vidole. Msimu ulipokwisha alitangaza kwamba anahama. Gemu inakupa kitufe cha kumbembeleza abaki. Nilimbembeleza, akakataa.

Kati ya sababu zote ambazo gemu inaweza kukupa za kuondoka kwake, fedha haimo. Uhamisho wa wachezaji umo, mvuto wa jina la chuo umo, hata mandhari ya chuo yamo, lakini pale ambapo katika maisha kocha angeuliza kwanza "wamempa ngapi?", pamekaa kimya. Mchezaji akivuka kutoka Jangwani kwenda Msimbazi, hakuna shabiki wa Dar es Salaam atakayekubali kwamba amevutiwa na majani ya uwanja wa mazoezi. Gemu iliyozaliwa kutokana na kesi za fedha, ambayo isingekuwa na majina halisi kama wachezaji wasingeruhusiwa kulipwa, imeujenga upya ulimwengu wa vyuo kama ambavyo NCAA ya zamani ilitamani uonekane: vijana wanaochagua kwa kupenda nyumbani, kwa kupenda masomo, kwa kumpenda kocha. Kwa maoni yangu hili ndilo dosari kubwa zaidi ya gemu nzima, na ni dosari ya kiuchezaji pia, kwa sababu kumgawia kila mchezaji sehemu ya bajeti ndogo ya UTEP kungekuwa fumbo zuri kuliko mengi yaliyomo.

Makocha halisi nao hawamo katika toleo hili. Walioonekana ni wa kubuni. Nililifurahia kidogo jambo hilo, kwa kuwa limegeuza mambo juu chini: wachezaji wana majina, makocha hawana. Novemba 2023, Texas A&M, wenye ile Kyle Field inayotikisa skrini, walimfukuza kocha wao Jimbo Fisher, na kwa mujibu wa mkataba wake walibaki wakidaiwa zaidi ya dola milioni 75 ili asifundishe. Hoja kwamba michezo ya vyuo haina fedha za kuwalipa wanaoicheza ilinifia siku niliposoma habari hiyo.

Wanaopinga malipo hata hivyo hawasemi upuuzi mtupu. Wengi wa hao 85 husoma kwa ufadhili kamili, na ada ya chuo kikubwa cha Marekani kwa miaka minne ni fedha ambayo familia nyingi hazitaiona maishani. Swali gumu zaidi ni nani atakayebaki nje. Tarehe 6 Juni 2025, Jaji Wilken yuleyule aliidhinisha suluhu ya kesi ya House, ambayo kwayo takribani dola bilioni 2.8 zitawaendea wachezaji wa miaka iliyopita katika kipindi cha miaka 10, na vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja hadi karibu dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Grant House, ambaye jina lake limebebwa na kesi, ni muogeleaji. Lakini vyuo vingi vilijipanga kupeleka sehemu kubwa ya fedha hizo kwenye futiboli na kikapu cha wanaume. Mrithi wa Nyambui, anayekimbia mizunguko 12 na nusu mbele ya majukwaa yaliyo matupu nusu, hatapata kingi katika mgawo huo, na hakuna anayetengeneza gemu ya mbio za nyika.

Tena akiwa mgeni ana kizuizi kingine. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alitajwa kuwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo mwaka 2022 akiwa Kentucky, wakati ambapo wenzake walikuwa wakipiga picha za matangazo na kulipwa. Viza yake ya mwanafunzi ilimbana asifanye kazi hizo ndani ya Marekani, kwa hiyo timu ilipokwenda Bahamas Agosti mwaka huo, ndiko alikofanyia zake. Msimamo wangu ni kwamba walipwe, na wapatane bei wakiwa kundi lenye sauti moja. Anayetaka kuhifadhi usafi wa michezo ya vyuo aanze na mishahara ya makocha.

Kuhusu sehemu iitwayo Ultimate Team sina mengi. Ni ile biashara ya pakiti za kadi ambayo wachezaji wa gemu za soka wanaifahamu: unalipa fedha halisi ili upate kadi ya mchezaji usiyejua ni nani, na kijana aliyemo kwenye kadi alishalipwa zake 600. Mzazi anayemnunulia mtoto gemu hii aifunge njia ya malipo kwenye akaunti kabla ya kumkabidhi pedi.

Baada ya toleo la 26 kutoka Julai 2025, diski za 25 zilianza kupatikana kwa bei ndogo, na kwa anayetaka kuujua mchezo huu hapo ndipo pa kuanzia. Mwenye hamu ya makocha halisi atawakuta katika hilo jipya. Mimi bado niko El Paso. Yule mkimbizaji wangu aliyehama tulikutana naye katika msimu wa nne, amevaa rangi za wengine, akatuvuka mara mbili kabla ya mapumziko.